Fundi wa Kijivu

Monita ikiwashwa asubuhi haisemi ukweli. Taa iliyo nyuma ya kioo bado haijapata joto lake, weupe umepinda kidogo, na anayeanza kuiseti hapo hapo anaseti kitu ambacho baada ya nusu saa hakitakuwapo. Fundi mmoja wa picha wa Lisekese, Masasi, mwenye chumba kimoja kinachobeba studio, printa na kaunta, hufanya kama wapiga ngoma wa huku wanaozipasha moto ngoma zao kabla ya kuzigusa: anawasha, kisha anaiacha. Anafagia. Anapanga karatasi. Anafuta lenzi kwa kitambaa ambacho mtu mwingine haruhusiwi kukishika. Mteja akija kutaka picha za pasipoti anahudumiwa kwa kamera na kuambiwa arudi mchana, kwa sababu kioo hakiaminiki bado.

Chumba chenyewe kimeandaliwa kwa kazi hii moja. Ukuta unaotazamana na monita ameupaka kijivu mpauko, rangi ambayo wapita njia huiona kama ya nyumba isiyomalizika. Dirisha linaangalia barabara ya udongo mwekundu, na jua la saa nne likipiga udongo ule, wekundu wake hupenya ndani na kutua juu ya kioo, kwa hiyo pazia zito huteremshwa. Siku ya kuseti rangi fundi havai jezi, iwe ya Simba au ya Yanga, na hilo halina uhusiano na msimamo wa ligi. Nyekundu au njano ya kifuani hurudi kwenye kioo, na jicho huihesabu kuwa ya picha. Anavaa shati la kijivu lililopauka, lile lile kila mara.

Anaanza kwa kufuta. Monita hii ilikuja ikiwa imetumika, kama zilivyo nyingi madukani kwetu, na mmiliki wa kwanza aliiachia tabia zake. Fundi anapapasa vitufe vilivyo chini ya ukingo wa kioo bila kuviangalia, anaingia kwenye menyu na kuirudisha katika hali ya kiwandani. Kisha anazima kila kilichowekwa kwa ajili ya kupendeza: hali ya sinema, hali ya michezo, hali ya kupumzisha macho inayomwaga unjano jioni, na ule mwangaza unaojipandisha na kujishusha wenyewe kulingana na picha. Kitu kinachojirekebisha chenyewe hakiwezi kurekebishwa. Mwisho anashusha kiti mpaka macho yake yawe sawa na katikati ya kioo, kwa kuwa paneli za bei ndogo hubadili rangi mtu akiinua tu shingo.

Kazi iliyokuwa mezani juma hilo ilikuwa ya vinyago. Mzee mmoja mchongaji alitaka kipeperushi cha kuonyesha wanunuzi sanamu zake za mpingo, na sampuli ya kwanza, iliyochapwa kwingine, alikuja nayo ameikunja mfukoni. Baada ya shikamoo na marahaba aliifungua juu ya kaunta na kusema, "Mwanangu, huu si mpingo. Huu ni mkaa."

Alikuwa na haki. Kiini cha mpingo si cheusi kitupu. Kina uzambarau na hudhurungi ndani yake, na penye tabaka la nje la mti, ambalo wachongaji wengine huliacha makusudi, kuna rangi ya krimu. Sanamu ya aina ya shetani, mtindo ambao Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeuanzisha katika miaka ya 1950, ina mikunjo ndani ya mikunjo, na yote inategemea tofauti ndogo kati ya giza na giza zaidi. Kioo kikimeza tofauti hiyo, aliyeko mezani hajui kuwa imemezwa. Ataongeza mwanga kwa kubahatisha, na karatasi itatoa kivuli kisicho na umbo.

Kwa hiyo fundi huanzia gizani. Katika kompyuta kila moja ya rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255, na zikichanganywa huzaa rangi zaidi ya milioni 16. Anafungua ukurasa mweusi wenye viraka vidogo: kimoja kina ngazi 5, kingine 10, kingine 15, mpaka 30. Anavisogelea, anarudi nyuma, anangoja macho yazoee giza la ukurasa. Kiraka cha 5 kinapaswa kuonekana kwa taabu sana, kama mtu aliyeko chumbani ambaye hujathibitisha kama yupo. Cha 10 kiwe wazi zaidi. Siku hiyo viwili vya kwanza havikuwapo kabisa. Katika monita nyingi za sasa kitufe cha mwangaza hupandisha au kushusha taa ya nyuma tu, hakifungui giza lililofungwa, na fundi anayelijua hilo hakipotezei muda. Aliutafuta mpangilio wa gama ndani ya menyu, akausogeza hatua moja, akangoja tena. Cha 10 kikajitokeza.

Weupe ni mwepesi zaidi. Viraka vya 250 hadi 254 juu ya ukurasa wa 255, kontrasti inashushwa mpaka vyote vionekane, basi.

Kisha ndipo inapoanza kazi ambayo watu wengi wanaijua kwa jina tu, kuseti rangi moja moja. Ndani ya menyu kuna mistari mitatu, R, G na B, kila mmoja ukiwa na namba ya 100 tangu kiwandani. Anayeanza huona weupe una ubaridi wa bluu, akaongeza nyekundu. Fundi haongezi. Rangi iliyoko kileleni haina pa kwenda. Ukiisukuma juu, ngazi za mwisho zinagandana na kuwa kitu kimoja, na ule weupe aliouchunga dakika tano zilizopita unapotea. Anapunguza ile iliyozidi. Bluu inashuka kutoka 100 hadi 96, na mkono unatoka kwenye kitufe.

Hapo ndipo anapotazama pembeni. Anaangalia ukuta wa kijivu, anaangalia kadi ya kijivu ya wapiga picha iliyobandikwa chini ya rafu, kisha anarudi kwenye kioo kwa mtazamo mfupi. Jicho la binadamu lina upole unaoharibu kazi hii: likikaa mbele ya weupe wenye ubluu, baada ya muda huukubali kuwa ndio weupe. Mtazamo wa kwanza baada ya kupumzika ndio wenye habari. Kila hatua moja ya kitufe inafuatwa na mapumziko hayo, na mtu aliyezoea kazi za haraka akimtazama atadhani fundi amesahau anachofanya.

Anachokitafuta ni weupe wa kelvini 6500, kipimo kilichowekwa kuwakilisha mwanga wa mchana wenye sehemu ya jua na sehemu ya anga. Balbu ya njano ya nyumbani iko karibu 2700. Kivuli cha mwembe siku ya anga safi kinaweza kupita 8000, ndiyo maana picha za harusi zinazopigwa chini ya miti hutoka na ngozi zilizopauka kwa ubluu hata kamera ikiwa nzuri. Hizi namba fundi hazitamki. Anasema weupe "umelala" au "umekaa sawa."

Kijani ndiyo anayoiogopa. Katika mwanga ambao jicho linaupokea kutoka kwenye weupe wa kioo, kijani inabeba takribani asilimia 72, nyekundu 21 na bluu 7 tu. Bluu ikikosewa kwa hatua tatu, wateja wengi hawaoni kitu. Kijani ikikosewa kwa hatua moja, kila uso katika picha unaumwa, ama umepata umajani wa mgonjwa ama umepakwa waridi. Kwa hiyo kijani anaiacha mahali pake na kuzileta zile mbili kuifuata. Akilazimika kuigusa, anaigusa mara moja, kisha anakagua mwangaza wote upya, maana umebadilika nao.

Weupe ukikaa, anafungua ngazi ya kijivu, mstari unaoanzia weusi na kupanda polepole hadi weupe, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini ukuta wake umepakwa rangi ile. Kijivu hakina pa kujificha. Shati jekundu likipungua wekundu linabaki jekundu, na hakuna atakayelishtaki. Kijivu kikipata hata chembe ya rangi, kinasema. Mstari ule ulikuwa safi juu, katikati ukaegemea uzambarau, chini ukarudi safi. Monita za bei kubwa zina vitufe vya kurekebisha giza na mwanga wa kila rangi kwa kutenganisha. Hii haina. Basi kazi inahamia kwenye kompyuta yenyewe, kwenye mkunjo wa kila rangi unaoamriwa na programu, na kioo kinabaki kilivyo.

Kifaa chake cha kazi hiyo ni mistari. Picha ya mistari myembamba, mmoja umewaka mpaka mwisho, wa pili umezima, wa tatu umewaka, na katikati ya mistari hiyo kiraka cha rangi tupu yenye ngazi ya 186. Ukisogea nyuma na kukunja macho, mistari inayeyuka na kuwa mwanga mmoja, nusu ya mwanga kamili. Gama ikiwa 2.2, yaani njia ya kupanda kutoka giza hadi mwanga inafuata desturi ambayo picha nyingi za kompyuta zimetengenezwa kwayo tangu Hewlett-Packard na Microsoft zilipopendekeza kipimo cha sRGB mwaka 1996, kiraka kinamezwa na mistari, hukioni tena. Kikionekana cheusi zaidi au cheupe zaidi, njia imepinda.

Fundi haufanyi mtihani huu kwa kijivu peke yake. Anaufanya kwa mistari myekundu na kiraka chekundu, kisha ya kijani, kisha ya bluu, kila moja kivyake. Nyekundu ilikubali haraka. Kijani ilikuwa sawa tangu mwanzo na hakuigusa. Bluu ilimweka. Jicho linaona bluu kwa uvivu, kingo zake hazishikiki, na mistari ya bluu juu ya weusi inaonekana kutetemeka. Alivua miwani, akarudi hatua mbili mpaka mgongo ukagusa ukuta, akasogeza mkunjo kwa kibodi badala ya kipanya ili kila mguso uwe na kipimo kile kile. Mguso mmoja, macho ukutani, macho kwenye kioo. Mguso mwingine. Akapita mahali panapofaa, kiraka kikaanza kung'aa, akarudi. Katikati ya yote umeme ukakatika. Kompyuta ilibaki hai kwa betri ya akiba, monita haikuunganishwa nayo, na umeme uliporudi taa ya nyuma ilikuwa imepoa. Hakulalamika. Aliiwasha na kwenda kufunga vifurushi vya picha za shule, nusu saa nyingine.

Kipimio alicho nacho hukileta mwishoni, si mwanzoni. Ni kidude kidogo kinachoning'inizwa juu ya kioo kwa waya wake, na uzito wa kusawazisha ukining'inia nyuma. Programu, ambayo ni DisplayCAL ya Florian Höch ikiendeshwa juu ya ArgyllCMS ya Graeme Gill, zote mbili za bure, inawasha kiraka baada ya kiraka chini ya kidude hicho na kuandika kilichoonekana. Ripoti inatoa tofauti kati ya rangi iliyotakiwa na iliyotoka. Chini ya 1, macho ya kawaida hayatofautishi. Vijivu vyake vilikuwa karibu vyote chini ya 2 kabla kipimio hakijarekebisha kitu, kwa macho na ukuta peke yake. Niliona anafurahi, ingawa alichosema ni kwamba bluu bado ina neno.

Watu hudhani ukishakuwa na kifaa jicho halina kazi. Upande huu wa Tanzania picha zina historia ndefu inayopinga hilo. Karl Weule, mtaalamu kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi na Newala mwaka 1906 na kamera zake, akawapiga picha watu wa nyanda hizi kwa nyeusi na nyeupe. Rangi ilipokuja baadaye, ilikuja na kipimo cha watu wengine. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za Marekani zilirekebisha mashine zao za kusafisha picha kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizozoeleka kwa jina la Shirley. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Profesa Lorna Roth wa Kanada, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alieleza kuwa Kodak ilisukumwa kuboresha rangi za hudhurungi na malalamiko ya watengeneza chokoleti na watengeneza samani za mbao. Si ya watu weusi. Na ng'ambo ya Ruvuma, bonde unalolitazama ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, Jean-Luc Godard alipoalikwa na serikali ya Msumbiji mwaka 1978 kusaidia kufikiria televisheni mpya ya nchi ile, inasimuliwa kuwa alikataa filamu za Kodak kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hazikutengenezwa kwa ngozi za watu waliokuwa mbele ya kamera.

Fundi wa Lisekese ana Shirley wake. Ni faili moja aliyoipiga mwenyewe, mchana, chini ya kivuli cha turubai jeupe. Ndani yake yumo mama mmoja mwenye ngozi nyeusi iliyoiva, mtoto wake aliye mweupe kidogo kuliko yeye, khanga nyekundu yenye maandishi meusi, kipande cha mpingo kilichopigwa msasa nusu, sare ya shule ya msingi ya bluu na nyeupe, na juu ya sinia mabibo ya korosho, mekundu na ya njano, na majani yake. Hakuna mtu wa Masasi anayehitaji kuelezwa bibo la njano lina rangi gani. Wamekula, wamekamua, wengine wamekunywa uraka wake. Hicho ndicho kipimo kilichoko vichwani mwa wateja wote, na hakihitaji cheti.

Kwa faili hiyo anaingia sehemu ya mwisho ya menyu, ile ya rangi sita, nyekundu, njano, kijani, sayani, bluu na majenta, ambapo kila moja inaweza kuzungushwa kuelekea jirani yake au kukolezwa bila kugusa kijivu. Anaigusa kwa tahadhari kubwa kuliko zote. Njano ilikuwa imeegemea kijani, na bibo lilionekana halijaiva. Akaizungusha hatua mbili kuelekea nyekundu. Bibo likaiva, ngozi ya mtoto ikapata joto kupita kiasi. Akarudisha moja. Bluu ya sare ilikuwa na uzambarau, kasoro ya kawaida ya vioo vingi na ya wino vile vile, na fundi yeyote aliyewahi kuchapa bendera ya taifa anajua namna ile pembetatu ya bluu iliyo chini ya njano na weusi inavyopenda kugeuka urujuani. Akaisogeza kuelekea sayani mpaka sare ikawa sare. Nyekundu ya khanga aliiacha. Wino wa printa yake hauifikii nyekundu ile hata kioo kikiionyesha, na kuiremba kwenye kioo ni kumpa mteja ahadi ambayo karatasi haitaitimiza.

Ukurasa wa kwanza wa vinyago ulipochapwa aliuacha ukauke, kisha akautoa nje ya mlango, kivulini, akautazama, akaurudisha chini ya taa ya chumba, akautazama tena. Wino unaolingana na kitu chini ya taa moja unaweza kukataa chini ya nyingine. Mzee aliuchukua, akaupeleka karibu na jicho moja. Mikunjo ya kiuno cha ile sanamu ilikuwapo, na upande mmoja, penye tabaka la nje la mti, ile krimu.

"Hapa patasu iliteleza," mzee alisema, akiweka kidole juu ya mstari ambao sampuli ya kwanza haikuuonyesha. "Kwa hiyo sasa na wanunuzi wataona."

"Nikufichie, mzee wangu?"

"Acha. Ni wangu."

Namba za siku hiyo, R 100, G 98, B 94, pamoja na tarehe, fundi aliziandika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha karatasi kilichogundishwa mgongoni mwa monita, chini ya namba za mwezi uliopita na wa kabla yake. Taa ya nyuma inazeeka kuelekea unjano, na kila mwezi bluu ya ziada ya kukatwa inakuwa ndogo au kubwa kuliko alivyotarajia, ndiyo maana anaandika.

Ilibaki monita ya kaunta, anayoitumia binti anayepokea wateja na kuwaonyesha picha wachague. Ni ya zamani, yenye taa ya mirija nyuma ya kioo, si ya LED kama ile ya ndani. Alizibeba zikakaa bega kwa bega, akaipitisha ya pili katika hatua zile zile, na mwishoni kipimio kikasema weupe wa zote mbili ni mmoja. Haukuwa mmoja. Ya kaunta ilikuwa na ukijani hafifu ambao hata mimi niliuona. Kifaa hakikuharibika. Hesabu yake inatokana na kipimo cha jicho la wastani kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1931, kutokana na majaribio ya Waingereza wawili, David Wright na John Guild, waliowapima watu 17 kwa jumla, na mwanga wa mirija na wa LED, ambao namba hizo zinaulinganisha, macho ya watu wengine huutenganisha.

Fundi aliking'oa kidude kutoka kwenye kioo, akakiweka kwenye kasha lake, akamwita binti. Akamwambia aangalie ukuta kwanza, halafu vioo. "Ipi ina umajani?" Binti akaonyesha ya kaunta. Akashusha G kwa moja. "Na sasa?" Bado. Moja tena. Binti akaangalia ukuta bila kuambiwa, akarudisha macho, akasema ile ya kaunta sasa ina uwaridi kidogo. Fundi naye alikuwa ameuona. Akarudisha moja, akaigusa nyekundu chini kwa moja, na wote wawili wakakaa kimya wakiangalia ukuta.